Ni shangazi au ni mama mdogo? Jinsi magonjwa ya mitokondria yanavyopita kwenye familia

(Niliongea haya mbele ya familia zenye wagonjwa wa mitokondria, nimeyaandika karibu vilevile nilivyoyasema, maana wengi mliniomba.)

Ndugu zangu, habari zenu, nashukuru kwa nafasi. Mi naomba nianze na swali ambalo daktari mmoja alimuuliza dada yangu, kwa sababu ndo swali lililofungua kila kitu kwetu. Dada alikuwa anaeleza historia ya familia, kwa mara ya kumi sijui ya kumi na ngapi, akataja kwamba kuna mzee wetu mmoja wa kike alianza kutosikia vizuri akiwa bado mbichi kabisa halafu akapata kisukari wakati mwili wake ulikuwa mwembamba, hana uzito wowote wa kuzungumzia. Daktari akaacha kuandika. Akauliza, huyo ni shangazi yako au ni mama yako mdogo?

Ni mama mdogo.

Hapo ndo akaagiza kipimo ambacho hakuna mtu aliyekuwa ameshakitaja. Tulikuwa tumezunguka miaka miwili. Mpwa wangu, mtoto wa kiume wa huyo dada, alikuwa anaumwa kichwa mpaka anatapika, anachoka akipanda ngazi tu, akaambiwa ni kipandauso, baadaye akaambiwa ni kifafa, halafu akiwa na miaka 11 upande mmoja wa mwili ukalegea na macho yakawa hayaoni upande mmoja. Kiharusi kwa mtoto wa miaka 11. Na muda wote huo jibu lilikuwa limekaa kwenye mti wa ukoo, ila hakuna aliyeuliza kwa namna ile.

Sasa kwa nini shangazi na mama mdogo wana tofauti kubwa hivyo? Naomba tulikae hili kwanza maana mengine yote yanatoka hapa.

Mitokondria ni vile viungo vidogo ndani ya seli vinavyogeuza chakula na hewa kuwa nguvu ya kutumika. Seli ya misuli, ya moyo, ya ubongo, zinakuwa navyo kwa mamia na maelfu kwa sababu kazi yao inakula nguvu nyingi, ndo maana magonjwa haya yanapenda kugonga ubongo, macho, masikio, moyo, misuli, na kongosho. Ila kitu cha ajabu, na mi kila nikikisema bado kinanishangaza, ni kwamba mitokondria ina DNA yake yenyewe, iko pembeni kabisa, si ile iliyo kwenye kiini cha seli. Ni ndogo sana. Ile ya kwenye kiini ina herufi kama bilioni tatu, hii ya mitokondria ina herufi 16,569 tu na jeni 37, imejifunga kama pete. Wanasayansi waliisoma yote herufi kwa herufi kule Cambridge, Uingereza, wakatangaza mwaka 1981.

Na hii pete ndogo inatoka kwa mama. Yai lina nakala zake zaidi ya laki moja, mbegu ya kiume inakuja na chache sana, na hizo chache zinaondolewa baada ya yai kurutubishwa. Kwa hiyo mimi nina pete ya mama yangu, mama aliipata kwa bibi mzaa mama, bibi akaipata kwa mama yake, inarudi hivohivo nyuma kwa wanawake tu. Mama mdogo na mama mkubwa wana pete ileile ya mama. Shangazi hana. Shangazi ana pete ya bibi mzaa baba, sawasawa na baba, na ya baba imeishia kwa baba. Ndo maana nasema lugha yetu imetubeba sana hapa, sisi hatuna neno moja la kuchanganya dada wa baba na dada wa mama, daktari akiuliza vizuri na wewe ukijibu vizuri nusu ya kazi imeisha.

Mfano mmoja ambao huwa nawapa watu. Familia ya mfalme wa mwisho wa Urusi, Tsar Nicholas wa Pili na mkewe Alexandra na watoto wao, waliuawa mwaka 1918 kule Yekaterinburg. Mifupa ilipofukuliwa mwaka 1991 ikabidi kuthibitisha ni ya nani, na mtu aliyetoa damu ya kulinganishia upande wa Alexandra alikuwa Prince Philip, mume wa Malkia Elizabeth wa Pili. Kwa nini yeye? Kwa sababu bibi yake mzaa mama alikuwa dada yake Alexandra, tumbo moja. Pete ilikuwa ileile. Lakini watoto wa Philip mwenyewe hawana ile pete hata kidogo, wana ya Malkia. Mwanaume anaibeba vizuri kabisa mpaka anakufa nayo, ila hampi mtu.

Na mi ndo huyo mwanaume kwenye familia yetu. Mi ndo mjomba. Navaa mashine za kusikia masikio yote mawili na kisukari nilikipata nikiwa na miaka 34, miaka yote nikadhani ni mambo mawili tofauti yaliyonikuta tu. Kumbe ni kitu kimoja na kile cha mpwa wangu. Herufi moja tu, nafasi ya 3243, palipotakiwa kuwa na A pana G. Watafiti wa Japani waliionyesha mwaka 1990 kwa wagonjwa wenye viharusi kama vya mpwa wangu, ule ugonjwa unaoitwa MELAS, halafu mwaka 1992 watafiti wa Uholanzi wakakuta herufi hiyohiyo kwenye familia ambayo watu wake walikuwa na kisukari na uziwi, basi. Kosa moja, magonjwa mawili yasiyofanana. Niliposoma hilo nililia, sikufichi, maana nilimwona mama mdogo palepale.

Sasa swali linalokuja ni hili, kama pete ni ileile kwa nini mimi nina uziwi na kisukari, dada yangu anachoka tu kidogo, na mtoto wake akapata viharusi?

Jibu ni kwamba kwenye seli moja zipo nakala mamia au maelfu ya hiyo pete, na si lazima zote ziwe na kosa. Zinaweza kuwa mchanganyiko, nyingine nzima nyingine mbovu, wataalamu wanaita heteroplazmi. Mbovu zikiwa chache seli inaendelea na kazi, hizo nzima zinabeba mzigo. Zikizidi kiwango fulani, mara nyingi inatajwa kati ya asilimia 60 na 90 kutegemea kosa lenyewe na kiungo chenyewe, hapo seli inashindwa. Kuna kosa lingine liko nafasi ya 8993, mtu mwenye kiwango cha kati anaweza kuwa na shida ya macho na mishipa ya fahamu ukubwani, mwenye zaidi ya asilimia 90 mara nyingi anapata ugonjwa wa Leigh, ule unaoharibu ubongo, akiwa mtoto mchanga. Familia ileile. Hata tumbo lilelile.

Na hicho kiwango kinapangwa lini? Hapa naomba akina mama mnisikilize kuliko sehemu nyingine yoyote.

Fikiria mfuko mkubwa wa shanga nyeupe na nyeusi zimechanganyika. Ukichota gunia zima mchanganyiko utabaki uleule, lakini ukichota kiganja kimoja unaweza kutoka na nyeupe tupu au nyeusi nyingi kuliko ulivyotegemea. Mayai yanapoanza kuumbwa, nakala za pete zinapungua sana katika zile seli za mwanzo, panakuwa kama shingo nyembamba ya chupa, halafu zile chache zilizopita ndo zinazaliana kujaza yai. Kila yai lina kiganja chake. Kwa hiyo mama mwenye kiwango kidogo anaweza kuzaa mtoto mwenye kiwango kikubwa sana, na anayefuata akawa nacho kidogo, na hakuna anayeweza kumwangalia mama usoni akasema mtoto wako atakuwa na asilimia kadhaa.

Lakini angalieni ni lini. Mwanamke anazaliwa akiwa tayari ana mayai yake. Yaani yale mayai yaliyokuja kuwa watoto wa dada yangu yalianza kuumbwa wakati dada mwenyewe akiwa tumboni mwa mama yetu. Kiganja kilichotwa hapo. Si kwa alichokula akiwa na mimba, si kwa safari aliyosafiri, si kwa dawa aliyomeza au hasira aliyokuwa nayo, si kwa sababu alichelewa kwenda kliniki mwezi wa pili. Dada yangu alikaa miaka anajichunguza hivyo, na upande wa shemeji kulikuwa na watu waliokuwa wanasema wazi kwamba hii kitu imetoka kwenu. Ni kweli imepita kwetu, kimaumbile imepita kwetu. Ila neno "imetoka kwenu" lilivyosemwa halikuwa la kimaumbile, na mi mpaka leo linaniuma. Kama kuna mtu hapa amelisema nyumbani kwake naomba akalirudishe.

Na kuna jambo lingine kubwa, na nadhani ndo linalopotosha watu zaidi. Watu wakishajifunza kwamba mitokondria inatoka kwa mama wanaenda kumwangalia mama kwa kila ugonjwa wenye jina mitokondria. Si hivyo! Zile jeni 37 za kwenye pete zinatengeneza protini 13 tu. Mitokondria inahitaji protini zaidi ya elfu moja, na zote zilizobaki zinaagizwa kutoka kwenye kiini cha seli, kwenye kromosomu za kawaida ambazo nusu ni za baba na nusu ni za mama. Kosa likiwa huko, ugonjwa unarithiwa kama magonjwa mengine ya kurithi. Mara nyingi sana kwa watoto inakuwa hivi, baba ana nakala moja mbovu na mama ana nakala moja mbovu ya jeni ileile, wote wazima hawajui kitu, na kila mimba ina nafasi moja kati ya nne mtoto achukue zote mbili. Jeni inayoitwa SURF1 ni mfano, inaleta ugonjwa wa Leigh, uleule wa jina moja na ule niliosema wa nafasi ya 8993, ila njia ni tofauti kabisa. Ukweli ni kwamba kwa wagonjwa watoto, wengi kosa lao liko kwenye kiini cha seli na si kwenye pete.

Kwa hiyo jina la ugonjwa peke yake halikuambii nani yuko hatarini. Familia mbili zote zinaambiwa Leigh, moja mama mdogo anatakiwa apimwe, nyingine mama mdogo hana wasiwasi mkubwa ila baba na mama wote wawili ndo wabebaji.

Kuna jeni ya POLG pia, hii iko kwenye kiini lakini kazi yake ni kunakili ile pete, ikiharibika pete zinapungua au zinakatikakatika mwilini. Inaweza kurithiwa kwa wazazi wote wawili, au kwa aina nyingine mzazi mmoja tu anatosha, awe baba au mama, nafasi moja kati ya mbili. Na hapa mzazi yeyote mwenye mtoto wa kifafa kinachohisiwa kuwa cha mitokondria amwambie daktari mapema, kwa sababu mtu mwenye tatizo la POLG akipewa dawa ya kifafa ya valproeti ini linaweza kufa. Mnisamehe kwa kusema hivyo kwa ukali lakini ndo ilivyo.

Halafu zile za kromosomu X, kama ugonjwa wa Barth, unaogonga moyo wa watoto wa kiume. Mama anabeba, wavulana wanaugua, na mtu akiangalia haraka anasema aha, ya mama, ni pete. Hapana. Hapa mwanaume mwenye ugonjwa akizaa, mabinti zake wote watabeba. Kwenye pete hakuna mtoto wake hata mmoja atakayeupata. Tazama tofauti hiyo, ni kubwa kuliko vile watu wanavyodhani.

Na mwisho kwenye hilo, kuna wale ambao hawajarithi kwa mtu. Pete inakatwa kipande kikubwa, mara nyingi ni ajali iliyotokea kwenye yai moja au mwanzoni kabisa mwa mimba, ndo inaleta ugonjwa wa Kearns-Sayre na kope kulegea na mengine. Mama mzima aliyezaa mtoto mmoja wa hivyo, uwezekano wa kuzaa mwingine ni mdogo sana. Mwanamke ambaye yeye mwenyewe ndo mgonjwa wa aina hiyo, uwezekano wa kumpa mtoto umekadiriwa kama mmoja kati ya 24. Mnaona, si sifuri, ila si ule wa kumfanya mtu aamue maisha yake yameisha.

Mzazi mmoja ameniuliza pale nje kabla sijaanza, kwamba haya yote yanajulikana tangu lini mbona madaktari wengi hawayajui. Ni mapya kiasi. Mgonjwa wa kwanza wa mitokondria alielezwa Sweden mwaka 1962, na Rolf Luft na wenzake. Mwaka uliofuata ndo DNA ikaonekana ndani ya mitokondria. Makosa ya kwanza kwenye hiyo DNA yaliyounganishwa na ugonjwa yalitangazwa mwaka 1988, London walikuwa wanasoma misuli ya wagonjwa, Marekani Douglas Wallace na timu yake walikuwa na familia zenye upofu wa Leber. Daktari aliyesoma kabla ya hapo hakufundishwa haya. Na makadirio ni kwamba mtu mmoja kati ya 5,000 hivi ana ugonjwa wa mitokondria, kwa hiyo daktari anaweza kumwona mmoja na asimtambue.

Huo upofu wa Leber nao niuseme kidogo maana unakuja kwa vijana. Macho yanaanza kufifia katikati, jicho moja, wiki au miezi baadaye la pili, bila maumivu. Hapa mara nyingi pete zote mwilini zina kosa, hakuna mchanganyiko, na bado si wote wanaougua, wanaume karibu nusu, wanawake kama mmoja kati ya kumi. Sigara inaongeza hatari. Kwa hiyo ukiwa kwenye familia hiyo kwa upande wa mama, na macho yako bado ni mazima, sigara iache leo. Na vilevile kuna kosa la nafasi ya 1555, mtu anasikia vizuri maisha yake yote mpaka siku anapochomwa antibiotiki kama gentamaisini au streptomaisini au kanamaisini, masikio yanakufa na hayarudi. Kwenye familia unasikia ule msemo, aliumwa akachomwa sindano akawa kiziwi. Ukiusikia mara mbili upande wa mama, usiuchukulie kama hadithi ya wazee. Manchester walijaribu kipimo cha kando ya kitanda cha mtoto mchanga kinachotoa jibu kwa dakika kama 26 ili achaguliwe dawa nyingine, matokeo yalitoka mwaka 2022.

Sasa kipimo. Kwa kosa letu la 3243 damu inadanganya, kwa sababu kiwango kwenye damu kinashuka kadri umri unavyokwenda. Dada yangu damu ilionyesha kidogo sana mpaka mtu wa maabara alisita, mkojo ndo ukasema ukweli, na mpwa wangu misuli ilionyesha zaidi ya robo tatu. Kwa hiyo mama wa miaka 50 akiambiwa damu yako haina kitu, aulize, na mkojo je?

Mlipokuwa mnaandikisha majina kuna baba aliniuliza kwa sauti ya chini, na wanangu mimi je? Ana kosa kwenye pete, limethibitishwa. Nikamjibu kama nilivyojibiwa mimi, wanao hawatalipata kwako. Alikaa chini kwenye kiti. Mi siku nilipoambiwa hivyo nilifurahi nikapiga simu kwa mke wangu, halafu nikakumbuka kwamba simu inayofuata ni ya dada yangu mdogo, ambaye hakuwa na dalili hata moja na alikuwa na mimba ya miezi mitano, sikujua nianzie wapi. Nilichelewa wiki tatu. Sikutakiwa kuchelewa, alikuwa na haki ya kujua siku ileile, na alinisamehe.

Mpwa wangu wa kike, dada wa yule mgonjwa, sasa ana miaka 20. Kiwango chake cha mkojo ni kidogo. Juzi akaniuliza, mjomba, na mayai yangu je? Nikamwambia mkojo hauwezi kusema kiganja cha kila yai, lakini zipo njia. Yai la mwanamke mwingine asiye wa ukoo wa mama, maana la mama mdogo wake halitasaidia kitu, pete ni ileile. Au kurutubisha mayai maabara na kupima viinitete ili achaguliwe mwenye kiwango cha chini. Au kupima mimba ikishaingia. Na kuna ile ya Uingereza, waliyoiruhusu kisheria mwaka 2015, ambapo kiini cha yai lililorutubishwa kinahamishiwa kwenye yai la mfadhili lenye mitokondria nzima, na mwaka 2025 timu ya Newcastle ilitangaza watoto wanane wamezaliwa kwa akina mama saba. Alisikiliza yote. Akauliza kama hao watoto ni wa kike au wa kiume, nikamwambia wanne wanne, akasema basi hao wanne wa kike ndo watakaopeleka mbele pete ya mfadhili.

Amepata miadi na mshauri wa jeni mwezi ujao. Ameniomba nimsindikize mimi, si mama yake, anasema mama ataanza kuomba msamaha mbele ya daktari. Nimekubali.